Wagonjwa Wanaokaa Ziwani

Mwanvua ameandika daftari la wagonjwa kwenye zahanati yetu miaka kumi na mmoja, na mimi, muuguzi Regina, niko naye tangu siku ya kwanza. Mtu akifika, hata kama anatapika, lazima aulizwe, "Unakaa wapi?" Watu wa Bukangwa hujibu, "Bukangwa," naye huandika Bukangwa. Ziwa lilipopanda likameza kitongoji chao chote, wakahamia mlimani, wakaendelea kujibu vilevile. Mtu atakana vipi mahali kilipozikwa kitovu chake?

Kipindupindu kilipoingia, Nehemia, kijana wa takwimu, alikuja kutoka mjini na ramani kwenye kishikwambi. Akatuonyesha nukta nyekundu kumi na nne. Zote majini, mbali na ufuko. Majina ya wagonjwa hao wa Bukangwa nilikuwa nayajua yote.

"Mama zangu, hawa wagonjwa wenu ni samaki?" akacheka. "Haya ni makosa ya daftari. Nafuta."

Jamani! Nilitaka kumnasa kibao. Akifuta, ramani itasema huku hakuna mgonjwa, dawa ya maji ipelekwe kwingine, na kule mlimani watu waendelee kunywa sumu. Mwanvua hakugomba. Alisema tu, "Nipe mpaka kesho adhuhuri, baba. Nitakuletea wanapolala."

Asubuhi nikapanda mlimani na Mwanvua, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulipokaribia nikatega sikio nisikie jogoo, mtoto, mchi. Kimya. "Hodi!" Kimya. Nyumba ya pili mlango uko wazi, uji kwenye sufuria umeota ukungu. "Hodi wenyewe!" Nilitamani kurudi, sioni aibu kusema.

Nyumba ya mwisho tukamkuta mzee Bonaventura amekaa kizingitini, jembe miguuni. Mwanvua akampa shikamoo, akamsomea yale majina kumi na manne.

"Hao wamepona, wamekimbilia kijiji cha Kalinzi," mzee alisema. "Hao ndio waliokuwa na nguvu za kushuka kwenu." Kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Mwanvua akaenda huko na daftari lake, mimi nyuma yake. Simu yake ikaita. Alikuwa Nehemia.

"Mama, adhuhuri hii. Nifute wale kumi na wanne?"

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Mwanvua. "Bado nahesabu makaburi."