Mashine Iliyong'ang'ania Marahaba

Mlangoni mwa maabara ya kompyuta tulivua viatu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kuprogramu niliyofundishwa, na hadi leo ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Vumbi linaua mashine, alisema mwalimu. Kuhusu soksi hakusema lolote. Watu thelathini, soksi jozi thelathini, nyingine zimevaliwa tangu Jumatatu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi hilohilo, na feni moja ya kuzungusha harufu ili asikose mtu. Kibodi yangu ilikuwa inanata. Mwanafunzi fulani aliyenitangulia alikula ubuyu juu yake, ukoko mwekundu ukaganda katikati ya vitufe. Kila nikibonyeza, kidole kinarudi na kitu. Sikuuliza ni kitu gani.

Utasema, sasa ulifuata nini huko? Nilifuata uvivu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Mabwerebwere, nimesoma hapohapo Kilosa mpaka kidato cha nne, na baada ya matokeo ambayo hatuna haja ya kuyafukua, nikakaa kwenye kochi la sebuleni miaka kadhaa kwa raha zangu. Mama ndiye aliyechoka. Akaniwekea njia mbili: niende Kidodi kwa mjomba nikasimamie upakiaji wa miwa, au nilete cheti. Kidodi niliwahi kwenda, msimu mmoja. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na masizi yake yaliniingia puani, masikioni, mpaka kwenye ugali. Wiki nzima nilipenga kamasi jeusi. Kwa hiyo niliposikia kwamba wanaoandika programu hufanyia kazi nyumbani, wamevaa kaptula, nilimwendea mama na kumwambia nimepata wito.

"Wito wa kukaa," alisema mama. "Haya, nenda Mikumi ukasome. Ila ukifeli usijisumbue kurudi huku. Kutoka Mikumi panda gari la Kidodi, mjomba wako atakupokea."

Basi nikaenda, nikiwa na ndoo, godoro na kauntabuku mbili.

Mwalimu wetu alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Asubuhi ya kwanza tulitazamana, kila mmoja akingoja kuona shikamoo itatokea upande gani, mwisho tukamalizana kwa "habari za asubuhi." Wenzangu, watoto waliomaliza shule juzi, hawakuwa na shida hiyo. Waliniita babu.

"Shikamoo babu! Ulisoma na mkoloni?"

"Marahaba. Baba yenu ndiye aliyekuwa ananiibia chaki."

Masomo yenyewe yalikuwa hivi. Mwalimu anaandika programu ubaoni, sisi tunainakili kwa kalamu, tunapigia mstari kwa rula, kisha tunaikariri kama sala. Ndivyo tulivyosoma kila kitu tangu darasa la kwanza, kuanzia mito mpaka magonjwa ya mahindi, kwa nini kompyuta iwe tofauti? Wiki ya sita msichana wa kiti cha jirani aliniuliza, "Babu, huu mstari wa nne unafanya nini?"

Nikautazama kwa muda mrefu, kama mtaalamu.

"Unatangulia wa tano," nikasema.

Akaandika. Nilipoona ameandika, nilijisikia vibaya kuliko harufu ya mle ndani.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kutengeneza programu ya mapokezi. Mgeni anaandika umri wake, kompyuta inamsalimia. Mtu mzima anapewa shikamoo, kijana anapewa mambo. Kisha inamuuliza shida iliyomleta. Mwalimu, sijui ni huruma au ni woga wa matokeo mabaya, aliiandika karibu yote ubaoni wiki moja kabla. Kazi yetu ilikuwa kuja kuimwaga.

Hapo ndipo nilipopatwa na ugonjwa wa kufikiri. Nilimkumbuka bibi yangu wa Zombo. Kwa bibi, shikamoo isiyojibiwa haijafika. Masikio yake yameshaanza kumchezea, kwa hiyo unasimama mlangoni na mzigo wako, unarudia, unarudia, mpaka itoke marahaba. Kabla ya hapo hakuna kukaa wala kusema kilichokuleta. Sasa programu ya mwalimu inatupa shikamoo na papo hapo inauliza shida yako, haingoji! Mtoto wa nani huyo? Nikaongeza mistari mitatu ya kwangu: kama mgeni hajaandika marahaba, ngoja sekunde chache, msalimie tena, na usiulize kingine.

Ilinichukua siku nne. Ilipokubali nilipiga ukelele, nikarukaruka na soksi zangu.

"Babu kajifungua!" wakapiga makofi.

Siku ya mtihani alikuja mzee mmoja wa bodi ya chuo, amevaa koti na soksi safi, za pekee mle ndani. Akapitishwa mashine hadi mashine, na kila mashine ikamsalimia sawasawa na iliyotangulia. Akafika kwangu. Akaandika umri wake kwa kidole kimoja.

Skrini ikaandika: Shikamoo.

"Marahaba," alisema mzee. Kwa mdomo, kama mtu yeyote aliyelelewa.

Shikamoo, ikaandika skrini.

"Marahaba," akaongeza sauti.

Shikamoo.

"Marahaba, hujambo?"

Shikamoo.

Mzee akamgeukia mwalimu. "Huyu hasikii?"

Nyuma yangu darasa zima lilikuwa limeuma midomo. Siku nne nilikuwa nimejaribu programu ile peke yangu, vidole viko kwenye kibodi, na haikunijia hata mara moja kwamba mtu akisalimiwa hujibu kwa kinywa. Nilitaka kusema, "Andika, mzee." Lakini utamwelekezaje mtu wa umri ule namna ya kuitikia shikamoo? Mashine ikaendelea kuamkia. Mwalimu akachomoa waya.

Baadaye aliniita pembeni.

"Nani alikutuma kuongeza? Umemdhihaki mzee wa watu."

"Mwalimu, hiyo ilikuwa adabu."

"Wenzako wote wameandika ya ubaoni, wamefaulu. Futa hayo mambo yako, lete kama walivyoleta wao, nami nitakupa alama. Ukikataa, mimi simo."

Nikakumbuka kamasi jeusi. Sikubishana. Nilirudi kwenye kiti, nikaifuta ile mistari mitatu, mistari pekee niliyopata kuielewa mwaka ule. Hata kitufe cha kufutia kilinata. Nilifuta kwa kidole chenye ubuyu wa mtu mwingine.

Vyeti viligawiwa mlemle maabara, maana ukumbi ulikuwa na harusi. Kwa hiyo soksi tena. Aliyegawa ni yuleyule mzee. Zamu yangu ilipofika niliinama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akashika cheti, hakukiachia. Akanitazama kwa jicho la utani. "Mbona hurudii? Si wewe wa ile mashine?"

"Nimeshaifuta, mzee."

"Umeifuta?" Akakiachia. "Nami nimewasimulia wajukuu zangu kwamba nimeona mashine yenye malezi. Nilitaka niwalete Jumamosi waione."

Mwalimu, nyuma yake, alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake. Mimi nikachunguza vyangu. Kimoja kilikuwa kimetoboa soksi na kutoka nje.

Kidodi sikwenda. Cheti kipo sebuleni, mama amekitundika ukutani juu ya kochi, na kila mgeni akiingia anaonyeshwa. Mimi nimerudi kukaa palepale, chini yake. Ndiyo sehemu pekee ya chumba ambayo ukikaa hukioni.