Stering Yangu Mpya

Mimi kungoja siwezi, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki iliyopita nilimwachia fundi wa pale Bahati kagari kangu ka mbio, raki mpya ya stering ikiwa kwa buti ndani ya boksi lake, ili aifunge. Hiyo raki ukigusa usukani kidogo tu, magurudumu yanageuka. Alhamisi nikapita, fundi hayuko, ufunguo ameuacha kwa mama wa hoteli ya jirani. Nikaamini kazi imeisha. Sikuuliza mtu, nikawasha gari nikaenda.

Jumamosi, kwenye mashindano ya kuzunguka koni uwanjani, nilijaa maneno. "Boss, hii sasa nikifikiria kona tu, inakata!" Nilipoangusha koni, nikasema stering ni kali mno, bado sijaizoea. Nikamkalisha mpinzani wangu Kiprono ndani ajionee. Akageuza usukani, akaguna: "Eh! Hii ni moto."

Watu wakajaa. Nami situlii, nazunguka gari nikieleza. Mke wangu akafika na chupa ya chai na chapati, akafungua buti.

"Baba Shiro," akaita, "hii boksi ya stering bado haijafunguliwa. Sasa chapati niziweke wapi?"