Maji ya Jumanne

Niliporudi kutoka Ulaya na stashahada yangu ya afya ya jamii, katikati ya miaka ya sabini, hapakuwa na mtu mwingine kijijini kwetu, bondeni chini ya Nyololo, aliyekuwa na karatasi ya namna ile. Sikupewa na mjomba. Nilichuma chai Mufindi miaka miwili kupata ada ya sekondari, na nafasi ya kwenda Ulaya niliipata kwa alama zangu mwenyewe. Stashahada niliitia fremu, nikaitundika sebuleni kwa mama, mkabala na mlango, ili kila aingiaye aanze nayo. Serikali ikaniajiri kuwa Bwana Afya wa tarafa.

Kwa hiyo niseme wazi. Shirika moja la kanisa lenye ofisi Mbeya lilipotoa msaada kwa ajili ya mto wetu, na kuuweka mikononi mwa mwanamke aliyeishia darasa la nne, niliumia. Niliona wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa siku moja.

Mto ulikuwa umeharibiwa na kiwanda kidogo cha ngozi kilichojengwa juu yetu. Watoto walitoka vipele, ng'ombe walinusa maji wakageuka. Mimi ndiye niliyeliandikia shirika hilo kwanza, kurasa kumi na moja kwa taipureta, kwa Kiingereza, nikajitaja kuwa msimamizi wa mradi. Nilikuwa nimechota maji Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nikayapeleka maabara Mbeya. Majibu yalirudi kwamba maji hayana ubaya. Sikuelewa. Nikaandika kwamba uchunguzi unaendelea.

Shirika likamtuma mama mmoja Mzungu, mtu mzima, aliyekaa Mbeya miaka mingi hata Kiswahili chake kikapita cha baadhi yetu. Nilimpokea nimevaa tai. Nilizungumza karibu saa nzima. Akasikiliza, kisha akawageukia wanawake waliokaa upande wa pili.

"Na ninyi, akina mama? Mlijuaje kwamba maji yameharibika?"

Aliyesimama ni dada mmoja mpika pombe, niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. "Kwa pombe," alisema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Akaeleza. Wanawake wa kijiji walipika komoni, pombe yetu ya mahindi, kwa zamu, kila mmoja na siku yake ya kuuza. Mwenye Ijumaa huchota maji Jumanne, akapika, akaiacha iumuke. Tangu kiwanda kifunguliwe, komoni ya Ijumaa haikuumuka. Ililala tu kama uji wa jana.

"Tukasema mwenye zamu ana mkono mbaya," alisema. "Tukamnyang'anya Ijumaa, tukampa mwingine. Ya huyo mwingine nayo ikalala. Ndipo nikapanda mpaka kiwandani siku ya Jumanne, nikakuta wanafungua mashimo ya kulowekea ngozi, maji ya chokaa yanashuka mtoni. Kumbe siku yao ni hiyo, kila wiki." Akanyoosha mkono upande wangu. "Yule wa kwanza tuliyemsema ni mama yake Bwana Afya. Ameacha kupika mpaka leo. Tulimkosea."

Nilitazama viatu vyangu. Mama alikuwa ameniuliza, miezi ile ile, kwa nini pombe yake inakufa, nami nikamjibu kwamba vyungu vyake havisuguliwi vizuri. Nilimwonyesha hata namna ya kusugua.

Baada ya wiki chache barua ikaja. Shirika litatoa mabomba ya kuleta maji ya chemchemi, na nauli ya wanawake kwenda kulalamika wilayani na mkoani Iringa, vyote chini ya kikundi cha wapika pombe, yule dada akiwa kiongozi wao. Nilikwenda Mbeya kuuliza.

"Sisi hatuwezi kugombana na kiwanda," yule mama alisema. "Tuna nauli na mabomba tu. Tunawapa walio tayari kugombana wenyewe."

"Na mimi niko tayari."

"Wewe uko tayari kusimamia," alisema, akanimiminia chai.

Mwezi haukuisha yule dada akaja kwangu. Mkoani walikuwa wamewaambia walete karatasi ya maabara, wakawapa wiki nne.

"Kamwene, Bwana Afya."

"Kamwene. Mwenye mradi anataka nini kwa asiye na mradi?"

"Chupa moja ya maji ya Jumanne, na sahihi yako."

"Mfadhili wenu hana maabara?"

"Kaka, darasani ulikuwa unafunika daftari kwa mkono nisione hesabu zako. Kumbe mkono hujautoa bado." Akaenda zake.

Chupa safi za maabara zilikuwa kabatini kwangu, pale pale nyumbani kwa mama. Jumanne ya kwanza nilikuwa na kazi. Ya pili nilisema mvua. Kweli ilinyesha, kidogo.

Jumanne ya tatu nilirudi nyumbani mchana nikakuta fremu yangu imeshushwa mezani. Juu ya kioo chake imesimama chupa ya maabara, imejaa maji meupe machafu, imefungwa vizuri. Mama alikuwa jikoni, kanga imelowa mpaka magotini.

"Nimechota mwenyewe," alisema. "Ni ya leo. Ipeleke, au nipande basi mimi, niwaambie wa maabara kwamba mwanangu ana kazi."

Basi la Mbeya lilipita Nyololo saa kumi. Nikalipanda, chupa mapajani.

Karatasi iliyotoka ilikuwa na sahihi yangu, kwa wino mweusi, kubwa. Kiwanda kikaamriwa kuchimba mabwawa yake na kutofungua chochote mtoni. Watu walisema ni kazi ya wapika pombe. Nilimsahihisha kila niliyeweza kumsahihisha, na hata leo nasema, bila sahihi ile wangekwama Iringa.

Mama akarudishiwa Ijumaa yake. Komoni iliumuka mpaka ikasukuma mfuniko. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya watu, kisha kibuyu cha kwanza humpa aliyemwezesha kupika. Nilikaa karibu na chungu, nimevaa tai. Mama akaonja, akajaza kibuyu, akanipita, akampa yule dada kwa mikono miwili.

"Chako kinakuja," aliniambia.

Kilikuja cha nne. Pombe ilikuwa nzuri sana, nami niliinywa huku nikiwatazama watatu walionitangulia.