Nyumba ya Zuhura: Siku Nne Ngazija

Dada yangu alipofariki aliniachia vitu viwili vya kutunza: binti yake Zuhura, na nyumba ya Pugu iliyoishia kwenye lenta, kuta bila paa. Zuhura nilimtunza. Mwaka huu akapata mchumba, Hamadi, kijana wa Komoro anayenunua vitanda kwetu Keko na kuvisafirisha kwao. Wazee wake hawawezi kusafiri, wakaomba mjomba wa binti aende wapange mahari na siku ya ndoa. Mjomba ndiye mie, na vitanda nimeuza miaka kumi na tisa. Nikajiambia: wamepatikana.

Alhamisi asubuhi nikapanda ndege na Hamadi. Safari fupi, soda yangu haijaisha, rubani anasema tunashuka. Dirishani kisiwa cha Ngazija kikatokea, chote mlima mmoja. Huo ndio Karthala, volkano iliyo hai, umekaa katikati na watu wamejipanga pembeni kama wateja waliokosa viti.

Mchana tulizunguka upande wa kaskazini kwa gari lake. Mawe meusi yaliyomwagika zamani kutoka mlimani yamefika mpaka baharini. Nilihesabu madaraja: sifuri. Nikahesabu tena: sifuri.

"Hamadi, mito yenu mmeificha wapi?"

"Hatuna, mjomba. Mvua ikinyesha, ardhi inaimeza."

Ndiyo maana kila nyumba ina birika la kukingia maji ya mvua. Misikiti nayo niliacha kuhesabu ilipofika ishirini na nne. Karafuu zimeanikwa kando ya lami, maua ya langilangi yananukia mpaka unahisi umekaa na bibi harusi. Nyumba za mawe nzuri, nyingine nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa.

"Ile ya nani?" nikauliza tulipokaribia kijijini kwao.

"Ya dada yangu."

"Na ile?"

"Ya dada mdogo."

"Na yako?"

Akacheka, akabadilisha gia.

Ijumaa baada ya swala tukakaa kikao. Mama yake Hamadi, Bi Echata, alikulia Unguja, Kiswahili chake kinakipita changu. Nikampa shikamoo, akaitika, akanisogezea chai yenye vanila. Nikataja mahari. Nilianza juu, kama mtu yeyote mwenye akili, nipate pa kushukia.

"Tumekubali," akasema.

Mfanyabiashara akikubaliwa bei ya kwanza, usingizi hauji. Nikajua kuna kitu.

"Sasa mjomba, tueleze nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Atakayoingia mwanetu."

"Bi mkubwa, si yeye ndiye anayeoa?"

"Ndiyo. Akioa anahamia kwa mkewe. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, kajengewa na watu wake. Wakigombana, atakayebeba begi ni huyu."

Hamadi akatazama dari.

"Sasa Zuhura wenu ni wa Dar, hatuwalazimishi mjenge hapa. Ila simtoi mwanangu akaishi na mke kwenye chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akiamka vibaya, wote wawili wako nje. Mama yake hakumwachia kitu?"

Hapo nikaweka kikombe chini. Nilikuja na hoja kumi na mbili za mahari, ya nyumba sina hata moja. Na nikakumbuka kwetu Newala: babu mzaa mama ndiye aliyebeba mkeka wake akahamia kwa bibi, na hakuna aliyemcheka. Sie tumehamia Temeke, tukasahau. Tena mjomba mtu ndiye anayetakiwa kukumbuka.

"Ameacha nyumba," nikasema. "Haina paa."

"Ndani mna nini?"

"Mbao."

"Za nani?"

"Zangu. Nangoja bei ipande."

Nikaona ndoa ya Zuhura inaondoka mbele yangu kwa ajili ya stoo ya mbao. Bi Echata akanimiminia chai tena.

"Basi mbona umeshaanza kupaua, kaka? Zimebaki kupandishwa tu."

Wakacheka wote, na mie nikacheka, maana nilikuwa nimeshindwa kwa haki. Tukapanga ndoa iwe baada ya paa, kabla ya Ramadhani.

Jumapili nikarudi na kifungu cha vanila cha Zuhura. Alinipokea uwanja wa ndege na swali moja.

"Wamekubali, mjomba?"

"Wamekubali. Wewe ndiye unayemwoa yeye, mie nilikuwa sijui."

Jumatatu tulikuwa Pugu na fundi. Nilikwenda Ngazija kuwafundisha watu biashara, nikarudi nimefundishwa ujomba. Mbao za paini zilitoka stoo nikizihesabu, zikapanda juu nikizihesabu tena. Zimepungua tisa. Nilikwenda kununua hizo tisa, nikalipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Muuzaji, tunayejuana miaka mingi, alinitazama usoni.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Naezeka."