Maji Niliyotia Kwenye Lori la Baba

Wasomaji wenzangu, mwenye ukurasa huu amekubali kulificha jina langu. Mimi ni msichana wa Mbozi, nina miaka kumi na sita, nasoma shule ya misheni. Mdomo wangu ni mzito, hata nyumbani huniita bubu. Ndiyo maana naandika.

Likizo hii nilikwenda Ivuna kuchukua chumvi pamoja na mjomba, ndugu wa mama, ambaye ndiye dereva wa lori la baba. Wakati wa kurudi rejeta ilikuwa kavu, akanituma kisimani. Kisima kilikuwa mbali, tena ng'ombe wamekizunguka. Nikachota kwenye mitungi ya akina mama wanaochemsha chumvi. Nilijua ni maji ya chumvi. Nikawaza, gari halina ulimi.

"Ya kisimani haya, mpwa wangu?" mjomba akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Yalikaa humo wiki tatu. Kwenye mlima wa kuingia Vwawa injini ikachemka, ikapasuka kichwa. Fundi alipoifungua alikuta njia za maji zimeziba kwa chumvi na kutu.

"Umeniulia gari kwa uvivu," baba alimwambia mjomba.

"Shemeji, mimi sikutia chumvi. Tutafute kichwa kingine, itapona."

"Ipone uiue tena? Chumvi ilitembea yenyewe ikaingia?"

Baba akanipa kitabu cha gari, cha Kiingereza, nimfasirie kama kuna dawa. Nilipofika palipokataza maji ya chumvi, niliacha kusoma. Nikafunga kitabu. Baba akasema, "Basi, hata kitabu kimekata tamaa." Kumbe ukurasa uliofuata, niliousoma baadaye peke yangu, ulieleza namna ya kuisafisha injini na kuifunga upya.

Sasa ng'ombe wa mama watauzwa mnada wa mwezi ujao, linunuliwe lori jingine, lenye dereva mwingine. Mama hali chakula. Mjomba anasubiri mnada upite avuke mpaka pale Tunduma, akatafute kazi kwenye migodi ya shaba. Jana aliniambia, "Soma sana, mpwa. Umebaki wewe wa kumsaidia baba yako." Nililia mpaka akadhani namlilia yeye tu.

Baba alishasema mtoto mwongo hamsomeshi. Nikisema, narudi jembeni. Nikinyamaza, mjomba anaondoka na kosa langu.

Kitabu bado ninacho. Nishaurini, ule ukurasa wa dawa nianzeje kumsomea baba?