Watoto Hawamo Kamusini

Mwalimu Zubeiri wa Ngamiani hakuwa mjinga. Mjinga huuliza. Zubeiri alikuwa amesoma, tena amesoma kile kiasi kibaya kinachomtosha mtu asiulize tena mpaka kufa.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya hamsini, shule yake ililetewa kamusi ya Kiswahili, moja tu, nene, yenye jalada la kijani. Papo hapo zikazuka habari mbili. Ya kwanza, mkaguzi wa Kizungu angekuja kabla ya mfungo wa Ramadhani kuona watoto wa darasa la nne wanavyofundishwa kuitumia. Ya pili, mwalimu mkuu alikuwa karibu kustaafu. Zubeiri alizifunga habari hizo fundo moja. Ualimu mkuu alikuwa akiutamani kwa roho yote, kama mtoto anavyotamani firimbi, na sababu ilikuwa ileile: apulize, watu wageuke.

Basi akaichukua kamusi akaanza kazi. Kurasa za mwanzo, zile zinazoeleza namna ya kuitumia, akaziruka. Aliona ni fedheha mwalimu mzima kufundishwa na kitabu namna ya kukifungua.

"Neno lisilomo humu si neno," aliwaambia watoto, akiligonga jalada kwa kidole. "Ni kelele za mitaani. Atakayelitamka darasani nitamchapa."

Akaandika ubaoni: Watoto walikwenda sokoni. Akamwita Semeni, msichana mwepesi wa kusoma, atafute neno la kwanza. Semeni akafungua penye W, akapitisha kidole ukurasa mzima. Watoto hawamo. Zubeiri akapekua mwenyewe, mbele na nyuma. Hawamo. Mtu mwingine hapo angejikuna kichwa, akakumbuka kwamba Kiswahili huyavika maneno yake vilemba vichwani, na anayetafuta neno sharti kwanza alivue. Zubeiri hakujikuna. Alifungua penye M, akamkuta mtoto, uso ukamng'aa.

"Mnaona? Kamusi inamtambua mtoto mmoja. Hao wengine ni mazoea tu."

Walikwenda nayo haikuwamo. Palikuwa na wali, chakula cha mchele, ambao haukuwa na haja ya kwenda popote. Baada ya kuhangaika wakaipata enda penye E. Sokoni ilikosekana, soko lilikuwapo. Saa ya mapumziko ilipogongwa ubao ulikuwa umesafishwa vizuri, umebaki na maneno matatu: Mtoto enda soko.

"Hicho ndicho Kiswahili safi," alisema Zubeiri, akarudi nyuma hatua moja akitazame.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Mwanamkasi, ambaye alikuwa akikuna nazi. Mwanamkasi alimsikiliza mpaka mwisho, mbuzi ikiendelea kukwaruza.

"Kwa hiyo sina watoto," alisema.

"Kwa mujibu wa kamusi, una mtoto."

"Nimezaa watatu, mume wangu. Au hao wengine wawili nilizaa kwa mazoea?"

Zubeiri alimwambia kwamba elimu si kitu cha jikoni. Usiku huo alikula wali mkavu, na kuulizia mchuzi hakuthubutu.

Watoto si wajinga. Wakionyeshwa fimbo hujifunza upesi. Wiki chache tu, darasa la nne likawa halina wingi, halina jana wala kesho. "Mwalimu, mimi taka toka." "Yeye iba kalamu." Zubeiri akitembea katikati ya madawati mikono nyuma, moyo baridi kabisa, kwa sababu kila alilolisikia lilikuwamo. Lugha waliyonyonya kwa mama zao aliikwangua yote, naye akaona amewapa lugha.

Ndipo alipokuja Fanueli, baba yake Bertha. Huyu alikuwa Mbondei wa Chumbageni, fundi wa korona, yaani kile kiwanda cha shambani kinachokamua mkonge. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi, akakaribishwa kiti, akakikataa.

"Mwalimu, jana nimerudi kazini, binti yangu kanitazama, kaniambia, 'Baba, leta maji. Mimi taka sasa.' Unajua nilifanya nini?"

"Ulimchapa."

"Nilisimama wima. Nikamjibu, 'Ndiyo, bwana.' Maji nimeshayachota ndipo nikakumbuka niko kwangu."

Zubeiri alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Maneno hayo huyasikia kutwa kwa bwana meneja," alisema Fanueli. "Yeye nimemsamehe, ni mgeni. Mtoto nimemleta kwako ili asije akasemeshwa hivyo maisha yake. Kumbe wewe ndiye unayemfundisha."

"Mzee Fanueli, lugha ina wenyewe."

"Inao," alisema Fanueli. "Ndio sisi." Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Maneno yale yalimchoma Zubeiri, tusimsingizie. Yalimchoma mpaka alasiri. Kisha akaukumbuka ualimu mkuu, akapona.

Mkaguzi akaja, kaptura na soksi ndefu, akaketi nyuma ya darasa. Watoto wakasimama kwa pamoja.

"Karibu, bwana. Sisi furahi ona wewe."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta. Akawauliza hili na lile, wakamjibu, na kila jibu lilizidi kumlainisha.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "mimi kaa hapa miaka mingi. Leo siku ya kwanza mimi fahamu mtoto yote anasema nini. Hii Kiswahili mzuri sana. Mwalimu mkuu yeye ondoka, wewe ingia."

Zubeiri alivuta pumzi. Hotuba alikuwa nayo tayari, ameitunga kwa Kiswahili cha kwao, chenye kina na madaha.

"Bwana Mkaguzi," alianza, "ninakushukuru kwa heshima hii kubwa uliyonitunukia mbele ya hawa wanangu…"

Mkaguzi akakunja uso, haelewi. Na Bertha, binti wa Fanueli, akanyoosha mkono juu kama alivyofundishwa.

"Mwalimu, ninakushukuru hapana kamusi. Uliyonitunukia hapana kamusi."

"Kweli," alisema Mkaguzi. "Sema kama mtoto, mwalimu. Mimi fahamu."

Zubeiri aliwatazama watoto. Hakuna aliyecheka, walikuwa wakimsubiri tu, kama yeye alivyozoea kuwasubiri wao. Akashusha mikono mpaka mapajani, akasimama wima.

"Mimi shukuru, bwana," alisema mwalimu mkuu mpya, na darasa zima likaitikia kwamba ni sahihi.