Kichuguu cha Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, nilipombomolea mama yangu kichuguu chake nikidhani ninajenga maisha. Umeniuliza kwenye simu kama kweli ni akili iliyomfanya binadamu aendelee kuishi duniani huku wanyama wengine wakipotea. Walimu wako wa chuo watakujibu kwa vitabu. Mimi nitakujibu kwa kichuguu, na univumilie, maana wazee hatuna haraka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, wa kwanza katika boma letu huku Malava. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi siku hizo nilijiona nina msitu mzima. Nilitaka kujenga simba, ile nyumba ya kijana anayejihesabu mtu mzima, na udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri. Tena nilikuwa nimesoma kwamba ukimtoa malkia, mchwa wote huisha. Basi mama alipokwenda matangani Lumakanda nikachimba siku mbili, nikamfikia malkia, mnene kuliko kidole gumba, nikamtupia kuku.

Mama aliporudi alitazama matofali, akatazama shimo, akaingia jikoni. Sikuelewa mpaka mvua zilipoanza. Mwezi wa nne kwetu unga ni wa kupimwa na mahindi shambani bado ni machanga. Miaka yote kumbikumbi wa kichuguu kile ndio waliotuvusha. Mama aliwakaanga, tukala na obusuma, ugali wetu. Mwaka huo dada yangu mdogo, Nekesa, alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka kwa malaria, amekonda, mboga za majani zinamshinda.

"Mama, kumbikumbi zetu zitatoka lini?" akauliza.

"Mwaka huu zimechelewa," mama akasema.

Alinifichia aibu, nami nimeketi palepale. Nilikosa pa kuweka macho.

Jirani yetu, bibi mmoja tuliyemwita Kukhu Rasoa, alipata habari akaniita kwenye kichuguu chake. Alikuwa amekifunika kwa matawi na blanketi, akaacha upenyo mmoja tu wa kuingia kwenye sufuria. Akanipa vijiti viwili na kunionyesha gogo. "Wewe si unasomanga sana? Piga, watoke."

Nikapiga mpaka jasho likanitoka. Hakutoka hata mmoja. Akavichukua vijiti, akagonga polepole, kama matone ya kwanza ya mvua, na baada ya muda kumbikumbi wakaanza kumiminika mchana kweupe.

"Hii mimi nilifundishwa na mama mkwe," akasema. "Yeye pia alifundishwa. Ulifikiria akili imeanza na wewe?" Kisha akajaza bakuli. "Pelekea Nekesa. Na uambie mama yako tutakulanga pamoja mpaka mvua iishe."

Nekesa alikula, akapata nguvu. Leo ana wajukuu.

Mama alishatutoka. Mashamba yamegawanywa, vichuguu vimesawazishwa, miwa imefika mlangoni, na kumbikumbi tunanunua kando ya barabara kwa kikombe. Kila mvua ya kwanza inapogonga mabati, moyo unamwendea. Sikuwahi kumwambia, "Mama, nisamehe." Nilikuwa nangojea siku nzuri ya kulisema neno hilo, nayo haikufika. Majuto ni mjukuu. Nina hamu na mama yangu, mwanangu, na uzee wangu huu wote.

Sasa jibu. Akili humsaidia binadamu, nisikudanganye. Hata kumtoa kumbikumbi shimoni mchana ni akili. Lakini akili ya mtu mmoja aliyesoma juzi inaweza kumaliza chakula cha nyumba kwa siku mbili, na mchwa hawana shule ila wapo tangu zamani. Sisi tulivushwa na akili iliyopita mikononi mwa wengi, na jirani mwenye bakuli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla hujabomoa kitu ulichokikuta, uliza kinamlisha nani. Na ukikosea, mwombe msamaha uliyemkosea angali anasikia.

Mungu akuzidishie akili, mwanangu. Akupe na mtu wa kukuambia ngoja, akupe na moyo wa kungoja.